Ukuta Unaotaja Majina

"Ukuta wako umemtaja tena marehemu mume wangu," alisema Lorencita Yellowhair, mikono kiunoni, mlangoni kwa jirani yake Bertina. "Nimelisikia jina lake nikiwa zizini. Mpaka kondoo wameinua vichwa."

Bertina akamjibu kwamba hakuutuma. Lorencita akasema ukuta ni kama mbwa, una mwenyewe.

Kwetu Wanavaho wa Marekani jina la marehemu halitamkwi. Lakini wanaume wa bonde hili walichimba urani, madini yenye mionzi inayodhuru, na kampuni ilipofunga virago iliacha mawe rundo zima, mazuri, yamepasuka sawasawa. Baba yake Bertina akajengea nyumba. Kila jiwe lina jina la mchimbaji mmoja, na mchimbaji mmoja huwa na mawe kadhaa. Wakati wake ukifika hulitamka mara moja, kwa sauti ya kuita mtu wa chumba cha pili, hupata moto wa kuchemsha birika la kahawa, kisha hupoa na kunyamaza moja kwa moja. Mpango hakuna. Mwezi mzima kimya, halafu Jumanne moja mawe matano kabla ya kiamshakinywa.

Bertina alitaka kitu kimoja: mawe yachukuliwe, na sasa yachukuliwe kabla binti yake Verlinda hajajifungua. Miaka kumi na moja ya barua kwa ofisi ya serikali ilimleta afisa mmoja mpole, na kipimo cha mionzi kinachokwaruza kama panzi. Alipima, akanywa kahawa ya jiwe, akaisifu. Akasema katika miaka arobaini nusu ya mawe yatakuwa yamesema.

"Lipi linafuata?" Bertina aliuliza.

"Hilo, mama, hata jiwe lenyewe halijui."

Fomu ya ofisi, hata hivyo, ilitaka tarehe ya jiwe linalofuata, ili lori lipangwe. Bertina akaandika: wakati wowote. Ikarudishwa, jibu halijakamilika. Akaandika Jumatatu. Jiwe likaja kusema siku ya Alhamisi, na ofisi ikamwandikia kuwa ametoa taarifa za uongo, aanze upya.

"Kagombane na ofisi basi," Bertina alimwambia Lorencita, bado wakiwa mlangoni.

"Ofisi iko mbali. Wewe uko hapa."

Hapo jiwe la karibu na dirisha likataja mtu. Wote wawili wakatazama chini, kama wanaosubiri vumbi la gari lipite. Halikuwa jina la mume wa Lorencita.

Ndani, Verlinda, mwezi wake wa tisa, alisogeza kiti na kuegemeza mgongo ukutani, palipopata joto.

"Mama mdogo, ingia ule," alimwita Lorencita. "Mchuzi wa kondoo unapoa."