Aliyeitika kwa Niaba ya Kakakuona

Vumbi la karatasi lilielea kwenye mwanga wa dirisha la chumba cha uchapaji, jepesi, tukutu, kama darasa ambalo mwalimu bado hajaingia.

Chini ya vumbi walikaa watu wawili: Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kazi yake ni kusoma kwa sauti, na msahihishaji mwenye kalamu nyekundu. Ndivyo sheria zinavyokaguliwa pale kabla ya kuchapwa. Mmoja anasoma jina. Mwenzake analitafuta kwa rula na kuliitikia. Lililoondolewa, analikata.

Leo yamekuja majina ya wanyama wanaolindwa. Waheshimiwa wabunge wameyapunguza, eti ulinzi unachelewesha barabara. Walipitisha, wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

"Tembo."

"Yupo."

"Mbwa mwitu."

"Yupo."

Yupo, yupo, lakini moyo wa msahihishaji ulitangulia mbele ya rula, maana alilijua jina lijalo. Kakakuona: mnyama asiye na jino hata moja, ambaye akitishwa hujikunja kama mpira na kungoja dunia iwe na adabu. Kosa lake ni magamba. Majangili wenye magunia wanayapenda.

Asubuhi mdogo wake, askari wa msitu, alikuwa amepiga simu. Miezi mitatu anamlinda jike mmoja anayembeba mwanawe juu ya mkia.

"Dada, sheria ikitoka, nikimkuta mtu naye kwenye gunia nifanyeje? Nimsaidie kubeba?"

Mdogo wake alicheka peke yake.

"Kakakuona," alisoma Kasuku. "Kata."

"Yupo."

Ulimi ulimponyoka, mazoea ya miaka kumi na tisa. Kalamu ilibaki hewani. Jasho likamteremka mgongoni bila haraka, kama lenye ruhusa.

"Dada, nimesema kata."

"Nimesikia."

"Sasa kata basi, mama, mashine inatungoja!"

Akalitazama lile jina. Hana jino, hana wakili, hana hata sauti ya kupigia kelele.

"Yupo," akasema tena, safari hii kwa kukusudia.

Kasuku alitazama mlango. Akatazama kalamu. Akarudisha macho kwenye orodha yake.

"Mimi nasoma tu," alinong'ona. "Kifaru."

"Yupo."

Mashine ikaanza kunguruma. Vumbi lote likashtuka, likasimama kwenye mwanga, kimya, kama darasa ambalo mtu ameitika jina la mwenzake, na mwalimu ameinua macho kutoka kwenye rejesta.