Kishikio cha Geji cha Bibi Breki

Kwa uaminifu wake, Dashibodi alistahili kuzaliwa mizani. Bahati mbaya alizaliwa mtu, tena mtu anayetaka kuuza vitu mtandaoni, mahali ambapo usipojulikana wewe ni mwizi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Jina la Dashibodi alipewa na kaka yake, fundi wa kushona viti vya magari, kwa sababu kijana haingii gari la mtu bila kupapasa dashibodi yake kama daktari anayetafuta wengu. Walifanya kazi chumba kimoja kirefu. Huku viti vilivyochunwa ngozi, katikati meza ya kukatia, na mwisho kabisa, pale mwanga wa taa ulipofika kwa kujikongoja, kona ya Dashibodi. Hapo alitengeneza vishikio vya geji.

Kama hujawahi kukiona, kishikio cha geji ni kikombe, au vikombe viwili vilivyoungana, kinachobandikwa kwenye nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ili geji ya ziada ya joto la injini au ya oili ipate pa kukaa, isining'inie kwa nyaya kama popo. Vya kiwandani vipo, na vinaenea kwenye gari lolote duniani isipokuwa lako. Dashibodi alivifinyanga vyake kwa faiba, nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, juu ya nguzo ya gari la aina ya lako, akavipiga msasa, akavivika mabaki ya ngozi bandia aliyookota chini ya meza ya kaka. Vilipendeza. Vilikaa rafuni vikipendeza, wiki baada ya wiki, na vumbi likavipenda pia.

"Cherehani ya pili nimeshaiagiza," kaka alimwambia siku moja, sindano ikiwa mdomoni. "Itakaa kwenye kona yako."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Juu yake, unashona." Kaka akatoa sindano. "Ila mimi si mkatili. Uza kimoja. Kimoja tu! Kwa mtu asiyekujua, akulipe kwa huo mtandao unaousifu. Cherehani ikikuta umeuza, nitaitafutia pengine. Ikikuta bado unapiga picha vikombe, basi tusilaumiane."

Dashibodi hakulala kwenye jambo hilo. Alitafuta ukurasa wa bure mtandaoni, akapanga picha, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: SISI SI MATAPELI. Baadaye akaona haitoshi, akaongeza: MUNGU NI SHAHIDI. Kisha akaja kwenye sehemu ya malipo. Hapo alifanya utafiti wa haja. Alipitia maduka makubwa ya mtandaoni, akaona wote wanauliza namba ya kadi ya benki, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za mgongoni. Naye akauliza. Akakumbuka kwamba siku anafungua akaunti, benki walimuuliza jina la mama yake mzazi. Akaliongeza na hilo, ili mteja aone hapa ni mahali makini. Yeye alidhani ukishapata namba hizo unazipeleka benki, nao wanakukatia chako, kama mtu anavyopeleka tiketi ya nguo kwa dobi.

Kwa hiyo mtu mwaminifu kuliko wote mtaani alikuwa amejenga, kwa mikono yake na kwa bidii, mtego uliokamilika wa mwizi.

Wateja hawakuchelewa kumwambia.

"We kaka," alipiga mmoja, sauti ya kijana mwenzake, "jina la mama yangu la nini? Unataka kumposa?"

"Hapana, ni la usalama."

"Usalama wa nani? Mzee mwenyewe yupo hapa sebuleni, nikupe uongee naye?"

Wengine walimtumia picha za nyani akicheka. Mmoja alimwandikia tu, "Umejaribu, mdogo wangu. Rudi shule."

Halafu, siku kaka alipokuwa ameshaanza kupima kona kwa utepe, simu ikalia. Mtu amejaza fomu. Yote! Namba zote kumi na sita, tarehe, tarakimu tatu. Alitaka kishikio cha geji mbili, cha gari lake la kubebea wanafunzi. Geji mwenyewe ameshazinunua dukani, hazina pa kukaa. Aliandika namba ya simu, mtaa na rangi ya geti, na maelekezo: ukifika ulizia Bibi Breki, kila mtu ananijua. Kwenye jina la mama aliandika jina, akaongeza, "Ni marehemu. Alikuwa mpole sana."

Dashibodi aliruka mpaka akagonga rafu. "Kaka! Nimeuza! Weka chini huo utepe!"

Wakati huo shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa anaingia kutoka kazini. Yeye alikuwa anauza kwenye duka la dawa, anakaa kwenye mashine ya kulipia. Akaipokea simu ili afurahi pamoja nao, akasoma. Furaha ikamtoka taratibu kama upepo kwenye tairi lenye msumari.

"Shem, hizi namba umezitoa wapi?"

"Kwa mteja. Kanipa mwenyewe, kwa hiari."

"Siku hizi hata mwizi hupewa kwa hiari." Alivuta kiti kisicho na ngozi, akakaa kwenye springi. "Sikiliza. Pale dukani kadi ya mteja hata kuishika hatushiki. Anaigusisha yeye mwenyewe kwenye mashine, sisi tunaangalia dari. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye haya uliyonayo hapa anaweza kununua ng'ombe kwa jina la huyu bibi. Na ukurasa wenyewe ni wa bure. Unajua nani mwingine anausoma?"

Dashibodi hakujua. Akaanza kujisikia kama mtu aliyeokota mtoto wa watu, na mtoto ameanza kulia.

"Basi nifute tu," alisema. "Halafu nipeleke namba benki, wanikatie…"

"Ukienda benki na namba hizi utarudi na polisi. Futa ukurasa, ndiyo. Lakini namba zimeshapita mtandaoni. Mwambie huyo mama aifunge kadi, apewe nyingine. Leo."

Kaka akakohoa. "Akiifunga atalipa na nini?"

Mke wake akamkazia macho.

"Nauliza tu," kaka akasema. "Kwa sababu cherehani ipo njiani."

Dashibodi alikitazama kile kishikio rafuni. Alijua kabisa kinachoendelea kichwani mwake, nacho hakikuwa kizuri: anyamaze, afute ukurasa, apeleke mzigo, bibi wa watu asijue lolote. Pengine hakuna kitakachotokea. Lakini yale maneno ya mama mpole yalimkwama kama mwiba wa samaki. Akaufuta ukurasa, akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi yule wa kishikio cha geji."

"Ooh! Umefika? Nipo nyuma naosha gari."

"Bado, mama. Mama, nakuomba kitu. Piga simu benki, uifunge kadi yako. Haiko salama."

Maji yalisikika yakichuruzika upande wa pili, kisha yakafungwa.

"Aha," alisema Bibi Breki. "Kumbe ndio nyinyi."

"Akina nani?"

"Wanaopiga na kusema kadi yako haiko salama. Binti yangu aliniambia: mama, akipiga mtu akasema hivyo, huyo ndiye."

"Binti yako amesema kweli, mama, lakini mimi…"

"Asante kwa kukiri."

"Mama, mimi sitaki unipe chochote! Nataka tu uifunge!"

"Na mwenzako ananisubiri huko benki, siyo? Mshindwe." Akakata. Alipopiga tena, simu haikuita hata kidogo.

Shemeji akajaribu kwa simu yake. "Shikamoo mama, mimi ni shemeji wa yule kijana wa…"

"Sasa mmeingiza na wanawake? Mna ukoo mzima!" Nayo ikakatwa.

Kaka alicheka mpaka akashika meza. Dashibodi yeye alikuwa anafunga kishikio kwenye gazeti. Alitia begini bisibisi, waya, koleo na utepe mweusi, akatoka bila kuaga. Anwani si alikuwa nayo? Aliandikiwa kwa hiari.

Geti lilikuwa la kijani kama ilivyoandikwa. Aligonga. Kidirisha kikafunguka, na jicho moja likamtazama juu ya miwani.

"Mimi ni yule wa geji."

"Mpaka nyumbani!" Jicho likaondoka. Mlango ukafunguka, na jicho likarudi likiwa na mwenzake, na mwanamke mfupi mnene, na spana ya magurudumu mkononi. "Tapeli unanifuata mpaka nyumbani!"

"Mama, tapeli gani analeta mzigo?"

"Hapo ndipo unaponitia wasiwasi zaidi."

Dashibodi aliweka gazeti juu ya kizingiti, akarudi nyuma mpaka upande wa pili wa barabara, akainua mikono. Bibi Breki akafungua kwa ncha ya spana. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Umeshona wewe?"

"Kaka. Mimi nimefinyanga. Mama, usinilipe. Nitakufungia, niondoke. Ukinishuku, nipige na hiyo."

Bibi Breki alifikiri. Geji zake mbili zilikuwa kwenye boksi tangu mwezi uliopita, na fundi wake kila siku alikuwa "anakuja". "Funguo ninazo mimi," alisema mwishowe. "Na simu yako iweke pale juu ya dashibodi niione."

Alimfungia. Kishikio kilikaa kwenye nguzo kama kilichozaliwa hapo. Alitegesha geji, akafunga kihisi cha oili kwenye injini na cha joto kwenye bomba la rejeta, lile la maji ya kupoza injini, akarudishia maji yaliyomwagika, akapitisha nyaya chini ya mpira wa mlango zisionekane. Bibi Breki alikaa kiti cha abiria na spana mapajani, akisimamia kila skrubu.

"Haya washa, mama. Tuone."

Bibi Breki akahamia kwenye usukani, gari likawaka. Mshale wa joto ukaamka, ukapanda polepole, ukafika katikati. Haukusimama. Ukapita.

"Zima," alisema Dashibodi.

"Usiniamrishe kwenye gari langu."

"Zima mama! Linachemsha!"

"Halijafika hata barabarani lichemshe? Na geji nayo ni tapeli kama wewe!" Lakini mkono wake ulikuwa umeshazima.

Walifungua boneti. Feni ya rejeta ilikuwa imelala. Dashibodi aliufuata waya wake kwa vidole mpaka alipoukuta umesuguka kwenye chuma, umekatika, umebaki na ganda tu. Alimwonyesha. Bibi Breki aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama tena.

"Kila asubuhi naongeza maji," alisema. "Nikasema ni uzee wa gari." Akaangalia viti vya nyuma, safu nne ndogo zilizofungwa mikanda. "Kesho nawapandisha kile kilima cha kwenda shule, wote."

Dashibodi aliunga waya, akaufunga utepe, akauhamisha mbali na chuma. Wakawasha tena. Mshale ukapanda, ukafika katikati. Feni ikanguruma, nao ukatulia hapo hapo. Bibi Breki aliuangalia muda mrefu, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyemdhania vibaya. Kisha akaiweka spana sakafuni.

"Haya," alisema. "Ile habari ya kadi. Sema tena, taratibu."

Alisema. Alieleza ukurasa, fomu, maduka makubwa aliyoyaiga, shemeji na duka lake la dawa. Bibi Breki hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alimwambia, "Kwa hiyo wewe si mwizi. Wewe ni mjinga tu."

"Ndiyo, mama."

"Afadhali. Ujinga una dawa." Akatoa kadi kwenye kanga, akasoma namba ya benki iliyoandikwa mgongoni, siyo namba ya mtu yeyote aliyempigia, akabonyeza. "Ziba masikio, na uangalie kule."

Dashibodi akaziba masikio kwa vidole vyenye grisi, akaangalia ukuta. Alisubiri mpaka shingo ikauma. Alipoguswa begani akageuka.

"Imefungwa. Hakijaguswa kitu. Mpya nitaifuata wiki ijayo." Aliingia ndani, akatoka na pesa taslimu, akamkunjia kiganjani na vidole juu yake. "Cha kishikio. Cha feni sijakipiga hesabu, nitakuja huko kwenu tuongee."

Aliporudi karakanani, kreti kubwa lilikuwa limeshushwa katikati ya chumba. Cherehani imefika. Kaka alikuwa amesimama mbele yake na nyundo ya kung'olea misumari, mke wake kando.

"Bibi yuko salama?" shemeji aliuliza kwanza.

"Salama. Kadi imefungwa."

"Na mzigo?" akauliza kaka.

Dashibodi akaweka pesa juu ya kreti. Kaka akazitazama bila kuzigusa.

"Kalipa mtandaoni?"

"Mlangoni."

"Makubaliano yalikuwa mtandaoni."

"Mtandaoni ndiko alikonipata. Kuniamini ndiko kulikochelewa."

Kaka aliangalia kona, akaangalia kreti, akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa anaangalia dari kama yuko kazini. Akajikuna kisogo kwa mpini wa nyundo.

"Asiyekujua?"

"Alitaka kunipiga na spana."

"Hapo nimeamini." Akang'oa msumari wa kwanza. "Cherehani itakaa dirishani, itapata mwanga. Ila kuanzia leo ngozi yangu unainunua, huokoti. Shika upande huo, inyanyue kwa magoti, si kwa mgongo!"