Kapita Atembezwa kwa Majirani

Shemeji yangu Honoré alituletea Kapita kutoka Goma, mbwa wa ulinzi aina ya berje, masikio wima. Hapa Mushaki ng'ombe walikuwa wanaibwa, nasi tulikuwa na mmoja tu. Watu walinishauri: mfunge mchana kutwa, asijue mtu, ndipo atakuwa mkali. Nilifuata.

Akawa mkali kweli. Baada ya wiki mbili hakuna jirani aliyekuja kuomba moto, na kwetu nyumba isiyoombwa moto asubuhi huhesabiwa kuwa na ugomvi. Mama Pétronille alisimama nje ya ua, mkononi kigae kitupu.

"Papa Védaste! Unachunga ngombe ao unachunga moto?"

"Unisamehe, Mama. Iko anafanya kazi yake."

"Basi chagua, yeye ao sisi. Dimanshi nikimukuta vile, nitaenda kuomba moto kule Ngungu!"

Ngungu ni mbali sana. Nikamwambia: majirani wasiporudi, Kapita atarudi Goma.

Mke wangu Emérita, aliyekwisha kumpenda, alimtazama akizunguka kigingi mpaka nyasi zikaisha.

"Huyu hana ubaya," akasema. "Hana kazi, na hajue muntu. Bibi-arusi tunamutembeza kwa majirani. Huyu, nani alimutembeza?"

Tulianza kesho yake. Kamba fupi, mwendo wa polepole, nyumba moja kwa siku. Jirani hakumshika, aliongea nasi tu, akaacha anuswe. Siku ya kwanza Kapita alitetemeka. Siku ya tatu aliketi kabla sijamwambia. Mchana nilipanda naye malishoni, na jioni akawa analala bila kubweka ovyo.

Jumapili, hiyo Dimanshi yake, baada ya misa, Mama Pétronille aliingia, shingo imekakamaa. Kapita alinusa kitenge chake, akampisha. Mama akatia kaa la moto katika kigae chake jikoni. Kurudi, akamkuta mbwa ameketi katikati ya njia, kimya. Hangurumi, hapishi.

"Emérita! Imbwa yako inanikamata mwizi!"

Emérita alicheka mpaka akashika ubavu. Akakipokea kile kigae, kisha akamkabidhi tena mbele ya mbwa. Kapita akainuka, akasogea kando.

Mama Pétronille akapita na kigae chake, kisha akageuka.

"Bon. Huyu anajua kitu iko ya nani. Bwana yangu, miaka makumi tatu, hajajua bado. Musimurudishe Goma. Na akipata bibi, mutoto wa kwanza ni wangu."