Jina la Sabina Juu ya Ng'ombe wa Watu

Mambo ya kompyuta niulizeni mimi, nayajua nje na ndani. Nje huwa naifunika kitambaa isiingie vumbi, ndani sijapaona. Lakini ya Sabina wa Mkolani nayajua, na hayo hayahitaji umeme.

Sabina alikuwa mpiga picha, na wenzake wa mjini walikuwa wakiiba picha zake na kuzitundika mtandaoni kama zao. Ndipo akaamua kuzipiga chapa kama mifugo: "Picha na Sabina", maandishi mepesi yanayopita katikati ya picha. Mwanzoni aliandika moja moja mpaka shingo ikakakamaa. Baadaye akajua kuifundisha programu. Unaionyesha kwenye picha moja tu, inakariri hatua zako, kisha unaiachia folda nzima, wewe unaenda kusonga ugali. Ukirudi, zote zina jina. Haichagui wala haiulizi. Iwekee picha ya babu yako aliyezikwa zamani, itasema kapigwa na Sabina.

Sasa ikaja harusi ya Precious, harusi kubwa ambayo ingemtoa Sabina kwenye picha za pasipoti. Mwenye neno la mwisho alikuwa Mzee Luhende, baba mdogo wa bibi harusi, naye alitoa sharti: atakayewapiga picha ng'ombe wa mahari ng'ambo ya kivuko cha Kamanga ndiye atakayepiga harusi. Kwake picha ya ng'ombe si pambo. Ng'ombe hukaguliwa asubuhi mmoja mmoja, kiwele, kwato na meno, kabla ya kuingia zizini, na mpiga picha husimama pale awe shahidi, wakwe wasije wakabadilisha mtamba mnono kwa kikongwe kisicho na jino.

Sabina akamwambia mzee asiwe na shaka, yeye atafika kabla ya ng'ombe.

Ng'ombe wakafika kabla yake. Alikawia kwa msusi, kivuko kikamwacha, na alipovuka na kilichofuata, ng'ombe wa mwisho alikuwa anaingizwa zizini. Pona yake ilikuwa Aloo, mpishi wa shughuli, aliyekuwa amewapiga picha wote kwa simu. Sabina akambembeleza, akarushiwa picha zote, akamwapisha anyamaze. Dukani kwake Mkolani akazimimina kwenye folda moja na zake za mchana, akaiachia programu, akaenda sokoni. Hakuzitazama. Raha ya programu ni hiyo, kutotazama.

Mzee Luhende akaja Mkolani kuziona. Alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta, fimbo katikati ya magoti. Hakuwa na haraka. Kila picha alimtaja mnyama kwa rangi yake, akaguna, akaashiria aletewe mwingine. Alipofika kwa mtamba mwekundu akauliza Sabina alisimama wapi, mbona hakumwona.

"Juu ya kichuguu, baba. Nilichuchumaa."

"Siafu hawakukuuma?"

"Waliniuma kidogo."

"Pole, mwanangu."

Hapo ndipo Sabina alipokumbuka maneno ya Aloo, aliyoyasema akicheka huku anarusha zile picha: na wewe nimekupata ukishuka kwenye bodaboda. Mahali fulani mbele, ndani ya folda ile, picha hiyo ilikuwa inangoja, na jina lake limeshapigwa juu yake.

Akamkaribisha mzee soda. Mzee akasema baada ya ng'ombe. Sabina akasema kompyuta imepata moto, heri amtumie zilizobaki kwa simu. Mzee akasema simu yake ni ya tochi. Sabina akabofya mara mbili haraka haraka.

"Umeruka mmoja," mzee akasema taratibu. "Rudi."

Akarudi. Alikuwa ng'ombe wa kijivu tu, kapanua masikio. Sabina akapumua. Akabofya, akaja wa madoa. Akasema waliobaki si ng'ombe, ni masufuria ya pilau.

"Hata pilau nitaiona. Bofya."

Akabofya.

Ng'ombe mweusi alikuwa nusu ndani ya zizi, nusu nje. Nyuma yake bodaboda imesimama, na mwanamke anashuka, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika nywele mpya zisiharibike, begi la kamera mgongoni limefungwa zipu. Kifuani mwake yamepita maandishi: Picha na Sabina.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni dada yangu, baba. Tunafanana sana."

Mzee hakubisha. Alinyanyua fimbo, akagusa kioo kwa ncha yake.

"Dada yako ana begi lako mgongoni na jina lako kifuani. Haya niambie, mwanangu: huyu aliyempiga picha, ndiye aliyekuwa na ng'ombe wangu?"

Sabina akafungua mdomo kujibu, nao ukabaki wazi, vilevile kama ulivyokuwa pale kwenye kioo.