Mpaka Mgeni wa Heshima Aje

Makatoni ya vishikwambi yalikuwa yamekalia kiti cha wageni, kwa hiyo Mwalimu Jedida alisimama. Yamefungwa utepe mwekundu, yamepambwa kama bi harusi anayengoja bwana aliyepotelea njiani. Tangu Januari. Sasa ni Oktoba, na mtihani wa hesabu wa kidato cha nne ni Jumatatu.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Jibu ni lile lile," akasema Bwana Mahadhi, hakuinua uso.

"Hata sijauliza."

"Unauliza kwa macho. Yafumbe."

Masomo yaliyomo vishikwambini aliyatunga Jedida mwenyewe, likizo nzima, kwa kompyuta ya mradi ulioleta vishikwambi hivyo. Msichana anavuta ngazi kwa kidole, anaiegemeza kwenye ukuta wa msikiti, na pembe inabadilika mbele ya macho yake. Akikosea, mpiga chokaa aliye juu yake anaporomoka na ndoo yake, na sauti ya Jedida inasema, "Mpandishe tena, mwanangu." Kisha mradi ukachukua kompyuta yake. Masomo yakabaki katonini tu.

"Ubaoni ngazi haisogei, Bwana. Wasichana hawajaelewa. Niazime leo tu. Utepe nitaufungua taratibu, niufunge vile vile."

"Ufungue utepe wa mheshimiwa!" Mahadhi akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mimi mwenyewe nikipita hapo najibana. Kitu cha kuzinduliwa hakiguswi."

"Ameahirisha mara tatu."

"Mheshimiwa haahirishi. Hupatwa na udhuru."

"Na mtihani nao upatwe na udhuru?"

Kicheko kikakatika. "Wewe umeajiriwa na bodi, Jedida, si serikali. Mlango ulioingilia unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Basi ndio huo huo wa kutokea."

Jumatatu, Sidi, mmoja wa wasichana wa Jedida, alitoka chumba cha mtihani akiwa amekunja sketi mkononi kama mtu aliyevuka maji.

"Mwalimu, ngazi imekuja."

"Ukaifanyaje?"

"Nikaichora. Nimeichora vizuri sana." Akaiachia sketi. "Nikaishia hapo."

Mheshimiwa alipata nafasi Desemba, shule imefungwa. Wasichana wakaitwa kutoka makwao. Sidi akaletwa kutoka shamba, mihogo bado i chini ya kucha, akaazimwa sare ya mdogo wake. Hema likapigwa, biriani ikapikwa. Mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri, utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa.

Wasichana wakagawiwa vishikwambi, wakabonyeza. Vioo vikabaki vyeusi. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuvigusa, hata kuvitia chaji.

Mahadhi akafuta jasho. Mpiga picha, mzoefu wa hafla, hakushtuka.

"Usijali, mzee. Napiga kwa nyuma, kioo hakionekani. Watelezeshe vidole tu."

"Mwalimu Jedida," Mahadhi akanong'ona, meno yakiwa yamebanana, "waambie."

Jedida akautazama umati, akaitazama biriani, akawatazama wasichana wake wa mwaka huu, ambao mtihani hautawarudia.

"Telezesheni vidole, wanangu," akasema.

Wakatelezesha. Mheshimiwa akainama begani kwa Sidi, manukato yakamfunika mtoto wa watu.

"Umeona? Hesabu si ngumu. Umeelewa?"

Kidole cha Sidi kikapita juu ya kioo cheusi, kikaacha mstari wa jasho.

"Meno, binti," akasema mpiga picha. "Toa meno."

Sidi akayatoa.