Faraji Hakuja Mazikoni

"Huyu anayenijia, mwanangu, simjui."

Mama aliyasema hayo kwa simu kutoka Tanga, na Rukia, aliyekuwa akipiga pasi sare yake ya hoteli katika chumba cha kupanga Al Mansoura, ughaibuni kwa Waarabu, akaisimamisha pasi. Alidhani mama anasimulia habari za mgeni aliyepita nyumbani. Kumbe alikuwa anasimulia ndoto.

Kila akimaliza kumsomea Yasini marehemu mwanawe Idrisa na kujilaza, mama alisema, humjia kijana. Si Idrisa. Kijana huyo husimama mlangoni, kiganja chake kwenye mwimo, kama mtu aliyefundishwa adabu ambaye hajakaribishwa. Humshukuru kwa dua, kisha hutabasamu, na mama huuona mwanya mpana kwenye meno yake ya juu.

"Nimemlilia mwanangu, mwanangu haji. Anakuja mtoto wa watu. Kwa nini?"

Rukia akajibu kwamba ndoto za msiba hazina mpangilio. Alilisema hilo kwa upole, kama asemavyo kila kitu. Lakini mtu mwenye mwanya wa namna ile alimjua mmoja tu, naye mama hakupata kumwona hata pichani.

Huyo alikuwa Faraji, kijana wa Lindi, fundi wa magari katika kampuni moja ya ujenzi. Aliishi chumba kimoja na Idrisa, kaka yake Rukia, kwenye kambi za wafanyakazi huko Sanaya. Idrisa alikuwa dereva wa pikapu ya kampuni hiyo hiyo. Kila Ijumaa wawili hao walikuja Al Mansoura kula wali wa Rukia, na kila Ijumaa Faraji alimwita Idrisa "shemeji" ilhali hakuna posa iliyopelekwa wala barua. Idrisa humtupia kandambili. Faraji huidaka, huirudisha kwa heshima zote, na kusema, "Ahsante, shemeji, mahari nimeipokea." Rukia hukimbilia jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa kinaungua. Hakumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa akilingoja neno lile wiki nzima.

Halafu pikapu ya Idrisa iligonga lori kwenye barabara ya Salwa na kuwaka moto. Aliyekuwa ndani hakutambulika kwa sura. Kampuni ikasema gari ni la Idrisa, funguo kasaini Idrisa, na Idrisa hajarudi kambini. Basi ni Idrisa. Wanaume wakamzika kwenye makaburi ya Abu Hamur, sanda ikiwa imefungwa kama ilivyotoka hospitali, pasipo kufunuliwa uso. Wanawake wakasoma hitima Al Mansoura. Kule Tanga, Asha, mke wa Idrisa, akaingia eda.

Na Faraji hakuja mazikoni. Hakuja hitimani. Hakupiga hata simu. Kampuni ikamwandika kuwa ametoroka kazini, na watu wakapata la kusema: kumbe ule urafiki ulikuwa wa sahani ya wali. Rukia naye hasira ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Aliweza kumsamehe mtu mambo mengi. Hilo la mazikoni lilimshinda.

Sasa mama alikuwa anamwona mlangoni.

Rukia alikaa na ndoto ile siku kadhaa, mwishowe akampelekea Akinyi, Mkenya aliyepanga chumba cha pili. Akinyi alifanya kazi katika ofisi ya tafsiri, na kwa kuwa Kiarabu cha madirishani, cha polisi na ofisi za serikali, alikijua, Wakenya walimtuma kila ndugu yao alipopotea. Amewapata wengi: hospitalini, vituoni, katika kizuizi cha wanaongojea kurudishwa makwao. Habari za ndoto hazikumshtua.

"Kwetu, mtu akikujia hivyo, ana shida mahali," alisema. "Huyo kijana labda ako ndani. Wengi wanaosemwa wametoroka huwa wako ndani tu, na simu wamenyang'anywa. Nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Kesho niko off. Twende."

Rukia akakubali. Alijiambia anakwenda kumwuliza Faraji swali moja tu: kwa nini hakuja.

Kabla hawajatoka Akinyi alimwambia alete karatasi yoyote yenye namba ya kitambulisho cha ukaazi, ile kadi ambayo kila mtu pale huiita bataka. Madirishani, alisema, jina halimsaidii mtu. Akina Faraji ni wengi kama kokoto, na kila karani huliandika anavyolisikia. Namba ya Faraji hawakuwa nayo. Rukia alichukua karatasi pekee iliyokuwa sandukuni, cheti cha kifo cha kaka yake chenye namba ya bataka yake; kwa vile wawili wale walikuwa waajiriwa wa kampuni moja, huenda jina la kampuni likafaa kitu.

Vituo viwili vya mwanzo havikuwa na habari. Cha tatu kilikuwa na ukumbi mrefu, baridi ya kiyoyozi ikinguruma juu ya viti vitupu, na nyuma ya kioo alikaa karani mmoja mzee, Msudani, mwenye sauti ya kubembeleza. Akatafuta Faraji kwa kila namna. Hakuna. Rukia alishashika mkoba aondoke. Akinyi, kwa mazoea tu ya mtu asiyependa kuondoka dirishani mikono mitupu, akaisukuma ile karatasi ya Idrisa chini ya kioo na kuomba ajaribu namba hiyo, labda wale wawili waliwahi kukamatwa pamoja zamani.

Karani akaandika. Akasubiri. Akaitazama skrini, akatazama karatasi, akaitazama tena skrini.

"Huyu yupo," alisema.

Akinyi akauliza yupo vipi. Karani akaeleza taratibu, na Akinyi akawa anatafsiri, sauti ikizidi kupungua. Mtu mwenye bataka ile aliingizwa mahabusu jioni ya siku ya ajali. Alikutwa akiendesha gari la familia moja, kazi isiyo ya mwajiri wake. Kosa dogo, la kurudishwa kwao. Lakini polisi walipoipigia kampuni, kampuni ikajibu kwamba mwenye bataka hiyo amekufa na amezikwa. Kwa hiyo mtu yule alishikiliwa kwa kosa kubwa zaidi: kutumia jina la maiti. Naye kila akiulizwa anasema ndiye mwenyewe.

"Wewe ni nani kwake?" karani akamwuliza Rukia.

"Dada yake," Rukia alisema kwa Kiarabu chake cha chuoni. "Tulimzika."

Karani aliondoa mikono yake mezani, kama mtu aliyegusa kitu cha moto, akasema a'udhubillahi. Kisha akawaandikia siku ya kuja kumwona.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko za matanga. Hakumwambia mama. Hakumwambia Asha, ambaye eda yake ilikuwa inaelekea ukingoni. Angemwambiaje mwanamke kwamba huenda ana mume, kisha aje kumfanya mjane mara ya pili? Kwa maana Rukia hakuwa mjinga. Wanaume wawili walipotea siku moja. Mmoja yuko kaburini kwa jina la Idrisa, na mmoja yuko mahabusu kwa jina la Idrisa. Faraji angeweza kuiokota bataka ya rafiki yake na kujificha ndani yake. Alipotandika mkeka kuomba, ulimi ulikwama. Akimwomba Mungu mahabusu yule awe Idrisa, anamzika Faraji. Akimwombea Faraji, anamzika kaka yake kwa mara nyingine, safari hii kwa hiari. Akaishia kusujudu kimya, paji la uso likiwa la baridi.

Mama alipiga simu tena. Kijana alikuja, alisema, na sasa hasimami. Ameketi kizingitini, mgongo ameuegemeza, kama mtu aliyechoka kungoja.

Siku ilipofika, Akinyi alibaki nje, maana aliruhusiwa ndugu peke yake. Rukia akaketi mbele ya kioo kilichojaa alama za viganja vya watu waliotangulia. Mlango wa ndani ulifunguka, mahabusu wakaingia mmoja mmoja. Alitafuta mwanya. Mwanamume aliyeketi mbele yake alinyolewa kipara, mashavu yameingia ndani, macho makubwa kupita uso. Hakutabasamu. Rukia alimtazama na hakumjua. Kwa kitambo kizima hakumjua. Alikuwa mtu wa tatu, si Idrisa wala Faraji, kana kwamba jina lile limepata mwenye kulivaa mwingine kabisa.

Mtu yule akainua simu ya ukutani. Rukia naye akainua.

"Wali umeunguza leo pia?" akauliza.

Ilikuwa sauti ya Idrisa. Rukia akaweka paji la uso kwenye kioo na kulia bila kutoa sauti, na kaka yake akaweka kiganja upande wa pili, pale pale.

"Shikamoo, kaka," alisema alipoweza.

"Marahaba. Usiniulize mimi nani, nakuomba. Kila mtu humu ananiuliza. Nimeulizwa mpaka nikaanza kuogopa kujibu." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Ndani hapa wananiita Marehemu. Wananipakulia chakula, 'Mpe Marehemu.' Kuna siku nilikiangalia kivuli changu kwanza kabla ya kuitika."

Akaeleza kwamba siku ile alipata kibarua cha siri cha kuendesha gari la familia moja, na ili mzigo wa kampuni usilale, alimwachia Faraji pikapu. Faraji alifurahi sana, kwa kuwa alipenda kuendesha kuliko kulala chini ya magari. Idrisa aliyasema haya haraka haraka, kwa uso wa mtu anayefikia jambo lililomkera kwa muda mrefu.

"Sasa yuko wapi huyo bwege? Ndiye peke yake aliyejua nilikokwenda. Nimemngoja humu mpaka nimeota ndevu. Nilisema, watu wote wanaweza kunisahau, Faraji hatanisahau. Mwambie mimi, shemeji yake, nimekasirika."

Rukia alitazama midomo yake ikitamka hayo. Hakuna aliyemwambia. Kwa muda wote ule alijua tu kwamba kampuni inamwita maiti. Hakujua kuna mwili.

Na Rukia, ambaye mezani hotelini hushindwa hata kumwomba mgeni asogeze kikombe, ndiye aliyepaswa kusema.

"Kaka, pikapu iliungua. Aliyekuwa ndani tulimzika sisi. Tulimsomea kwa jina lako."

Idrisa hakuelewa, kisha akaelewa. Simu ikashuka ikaning'inia kwenye waya wake. Rukia aliiona midomo ikisema neno moja nyuma ya kioo, mara nyingi, bila sauti. Hakuhitaji kulisikia. Lilikuwa neno la kila Ijumaa.

Na yeye, akiwa ameshika simu isiyo na mtu, alikumbuka jinsi alivyokaa kwenye hitima akihesabu moyoni waliokuja na kumkosa mmoja. Faraji hakuja mazikoni, alisema, na watu wote walisema. Kumbe yeye ndiye aliyetangulia kufika. Walimbeba mabegani mwao huku wakimlaumu.

Nje, jua lilikuwa limeufanya ukuta wa kituo uwe mweupe. Akinyi alimtazama usoni, akamfungulia chupa ya maji. Rukia akapiga simu Tanga.

Mama alipiga vigelegele, akalia, akamwita Asha, wakalia wote wawili, kisha mama akasema Asha anazitoa nguo zake za rangi kwenye sanduku la mkwewe na kuzirudisha, hajui afanye nini na mikono yake. Rukia alisubiri. Alijua swali linakuja.

"Na huyu wa mlangoni?" mama akauliza mwishowe, taratibu.

"Anaitwa Faraji, mama. Wa Lindi, kalelewa na bibi yake. Zile dua zote zilimfikia yeye."

Mama akasema mtoto wa watu ameketi nje kwa sababu ya jina tu, na kwamba leo atamsomea kwa lake, amwambie karibu. Akaagiza pia atafutwe bibi yake huko Lindi, asikie kutoka kinywani mwa mtu, si kwa kampuni. Rukia akaahidi.

Asubuhi iliyofuata, Rukia akiwa kwenye basi la hoteli kuelekea West Bay, simu ikatetemeka mkobani.

"Ameingia," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, nusu hofu na nusu kicheko. "Nilimtandikia mkeka, nikamwita kwa jina, akaingia, akavua viatu. Akaniinamia kwa adabu. Hakuomba chakula, hakuomba maji. Amenisalimia tu, kisha akaenda zake. Lakini, Rukia mwanangu, kwa nini ameniambia 'shikamoo, mama mkwe'?"

Minara ya West Bay ilikuwa inapita dirishani, vioo vyake vyote vimeshika jua. Rukia alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.