Dawa Gani?

Mtaa mzima ulimwita Mama Dawa. Alikuwa amefagia wodi za hospitali miaka ishirini na minane, na kila jina la kidonge lililopita masikioni mwake lilibaki humo humo. Mwenye homa alianzia kwake. Hospitali ilikuwa rufaa.

Adhuhuri hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la daktari wa mifugo, mkoba mapajani. Mezani alilala Karani, mbwa wake, ulimi nje. Jina alilipata kazini: hakuna aliyepita langoni bila kunuswa kuanzia viatu hadi mifukoni, isipokuwa Mama Dawa mwenyewe. Tangu asubuhi Karani alikuwa ametapika mara nne, na mara ya mwisho matapishi yalikuwa meusi kama machicha ya kahawa.

"Amekula nini?" daktari aliuliza, stethoskopu ikiwa kifuani pa Karani.

"Dawa!" binti wa Mama Dawa alidakia kutoka mlangoni. "Jirani yetu fundi viatu ametega dawa ya panya. Leo atanitambua!"

"Mmempa chochote? Maziwa, mafuta?"

"Nilitaka kumpa maziwa, mama akanikataza."

"Vizuri. Hata siku nyingine usimpe kitu, usimtapishe, mpaka umenipigia simu. Pakiti ya hiyo dawa iko wapi?"

"Naifuata kwa huyo fundi sasa hivi." Binti alikuwa ameshashika kitasa.

Mama Dawa aliukumbatia mkoba wake. Juzi Karani alianza kuchechemea, naye hakupenda kumwona hivyo. Mguu ni mguu tu, alijiambia, uwe wa mtu au wa mbwa. Akachukua vidonge vyake vya magoti, akavificha ndani ya mnofu: viwili juzi, viwili jana, viwili leo alfajiri. Hata alipoona matapishi, alijipa moyo kwamba ni dawa ya panya kweli. Fundi viatu alikuwa mtu mkorofi, kumsingizia hakukuwa na uzito.

"Nikisubiri pakiti nitachelewa," daktari alisema, akivuta dawa kwenye sindano. "Nitamtibu kama aliyekula ya panya. Ikiwa ni kitu kingine, tutakuwa tumepoteza muda ambao hana."

Karani aligeuza shingo kwa shida, akamtafuta Mama Dawa kwa macho. Mkia ukapiga meza mara moja.

"Ngoja." Sauti ilimtoka Mama Dawa kama ya mtu mwingine. "Dawa nimempa mimi."

Binti aliachia kitasa. "Mama! Dawa gani?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge, akampa daktari bila kumtazama mwanawe. Daktari alisoma nyuma ya karatasi, akahesabu matundu matupu, akaweka sindano chini na kuchukua dripu.

"Mama yangu, hivi vinachubua tumbo la mbwa na kuua figo zake. Kimoja tu ni kingi."

"Atapona?"

"Umesema ukweli. Sasa angalau najua ninachopigana nacho."

Mama Dawa alikaa kwenye benchi lile siku tatu, akirudi nyumbani kulala tu. Siku ya nne Karani alikojoa vizuri, akaruhusiwa. Nyumbani, vidonge vyote vilikuwa vimeingia kabatini, na ufunguo alikuwa nao binti. Jirani mwingine aliyepiga hodi akiulizia kikohozi cha mwanawe alijibiwa na Mama Dawa neno moja: "Hospitali."

Jioni, Mama Dawa alichemsha nyama laini kama alivyoagizwa. Aliupasua mnofu katikati mbele ya mwanawe, akaugeuza huku na huku, ionekane kwamba hakuna kitu. Kisha akainama, akaunyosha mkono.

"Nusa," alimwambia Karani. "Nusa kwanza, baba."

Karani hakunusa. Aliumeza mnofu mzima mzima, akalamba kiganja, akasubiri mwingine.